Si kwa Utumwa wa Macho: Hotuba kwa Wafanyakazi Wakristo wa Malaba

Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe tena!

Wachungaji na mapadri mliofika, viongozi wa ushirika huu, afande na askari wenzako, mawakala wa forodha, madereva na matingo, walimu, wauguzi, akina mama wa vibandani, vijana wa bodaboda, na ninyi ndugu zangu mnaobeba mizigo: asanteni kwa kunipa saa yenu ya chakula. Kuna mtu hapa ambaye ameacha sahani ya posho na maharage ili aje asikilize. Mungu amkumbuke, na mimi nitajitahidi nisimpotezee.

Katibu wenu aliponiita aliniambia sentensi moja ambayo imekaa nami tangu siku hiyo. Alisema, "Wapendwa wetu wengi wanakuja kazini, lakini hawapo." Kila mmoja wetu anamjua mtu wa namna hiyo, na huenda leo ni wewe. Mkono unagonga mhuri, mdomo unasema "njoo kesho", macho yako kwenye saa ya ukutani, mwenyewe alishaondoka zamani. Zamani aliamka na hamu. Sasa anaamka kwa sababu ada ya shule inadaiwa. Na Jumapili anaimba kwaya kwa nguvu zote, kana kwamba maisha ni Jumapili na siku nyingine sita ni adhabu.

Nimekuja kusema na mtu huyo. Sikuja kumgombeza.

Wiki hii mnawaona mahujaji wakiingia Uganda hapa kwa miguu kutoka Kenya, rozari mkononi, miguu imevimba, wanaelekea Namugongo kwa ajili ya tarehe 3 Juni. Wengine mmewapa maji. Mimi naomba tuwafuate kwa mawazo hadi wanakokwenda, tuulize swali ambalo mara chache tunaliuliza: wale mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walikuwa wanafanya kazi gani?

Picha zao tunazo makanisani, wamesimama na matawi ya mitende. Picha hizo zimetufanya tusahau kwamba walikuwa wafanyakazi. Karoli Lwanga na vijana wake walikuwa watumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga, watu wa kutumwa na kurudi, wa kukaa mlangoni, wa kuitwa saa yoyote. Andrea Kaggwa aliongoza wapiga muziki wa Kabaka. Noa Mawaggali, ambaye aliuawa Mityana tarehe 31 Mei 1886, alikuwa mfinyanzi. Mfinyanzi! Mtu wa udongo na maji na moto, wa vyungu ambavyo vingine hupasuka tanuruni baada ya kazi yote ile. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1964 pamoja na wenzake 21, na ndugu zetu Waanglikana wanawakumbuka mashahidi wao 23 waliokufa katika mateso yale yale. Hawakuacha kazi ili wawe watu wa Mungu. Imani yao iliwakuta kazini, ikakaa nao pale pale, na wengi wao walikamatwa wakiwa pale pale.

Yupo mmoja ambaye nataka tukae naye zaidi: Yosefu Mukasa Balikuddembe. Huyu alikuwa msimamizi wa watumishi katika nyumba ya Kabaka. Alimtumikia Mutesa, kisha Mwanga aliporithi kiti mwaka 1884 akamtumikia yeye pia. Mfalme kijana alimwamini. Hebu fikirini kazi hiyo ilivyokuwa. Bosi ambaye hasira yake ni kifo, nyumba iliyojaa fitina, vijana wadogo chini yako ambao unatakiwa kuwalinda na bosi huyo huyo. Sidhani kuna ofisi hapa Malaba inayofikia hapo. Mukasa alifanya kazi hiyo vizuri.

Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliuawa kule Busoga kwa amri ya Mwanga. Hannington alikuwa Mwanglikana, Mukasa alikuwa Mkatoliki, na siku hizo pande hizo mbili hazikupendana kama tunavyojitahidi kupendana leo. Mukasa angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angemlaumu. Akamwambia Kabaka waziwazi kwamba alichotenda ni kibaya. Tarehe 15 Novemba mwaka huo huo akauawa, wa kwanza miongoni mwa mashahidi Wakatoliki.

Leo soko la Owino pale Kampala, rasmi, linaitwa Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Maelfu wanafanya kazi humo, wauza mitumba, wasukuma mikokoteni, wauza nyanya, mafundi cherehani. Sijui ni wangapi wanaopita humo wakikumbuka kwamba soko limepewa jina la mfanyakazi ambaye alimwambia bosi wake ukweli.

Na hapa ndipo ninapotaka tusimame. Ni nini kilichomfanya mtu huyu awe na bidii kiasi cha kuaminiwa na wafalme wawili, kisha awe tayari kupoteza kuaminiwa huko kwa siku moja? Watu hudhani hizo ni tabia mbili, utiifu hapa na ujasiri pale. Mimi naona ni kitu kimoja. Angekuwa anafanya kazi ili Kabaka amsifu, asingethubutu kumkemea. Angekuwa mtu wa kujificha na kuchapa uvivu, maneno yake yasingekuwa na uzito. Alikuwa anafanya kazi mbele ya macho ya mwingine, na macho hayo hayakuondoka Kabaka alipoondoka, wala hayakubadilika Kabaka alipokasirika.

Sasa fungueni Wakolosai sura ya 3. Paulo anawaambia watumwa wasitumike "kwa utumwa wa macho, kama wajipendekezao kwa wanadamu, bali kwa unyofu wa moyo". Halafu mstari ambao mnaujua kwa kichwa: "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu."

Tunaupenda mstari huo, tunauandika ukutani, lakini tunasahau uliandikiwa nani. Haukuandikiwa wenye mishahara mizuri. Uliandikiwa watumwa, watu ambao hawakuwa na likizo, wala cheo cha kupanda, wala afisa wa kupelekea malalamiko. Na barua hiyo, ukisoma sura ya 4, ilipelekwa Kolosai na Tikiko akiwa pamoja na Onesimo. Onesimo ni yule mtumwa wa Filemoni, ambaye wengi wanaelewa kwamba alimtoroka bwana wake. Kwa hiyo siku barua ilipoletwa, maneno "lifanyeni kwa moyo" yalisomwa na pembeni yupo mtu aliyejua kuchukia kazi ni nini. Sidhani Paulo aliyasema kirahisi rahisi.

Wahenga wa pwani wana methali, "Mtumikie kafiri upate mradi wako." Maana yake mnaijua: mtumikie yeyote, hata usiyemheshimu, mradi wewe upate chako. Wafanyakazi wengi wanaishi kwa methali hiyo bila kuitamka. Mwili nampa bosi, moyo nabaki nao mimi. Inaonekana ni ujanja, na kwa muda inafanya kazi. Lakini moyo ukikaa mbali na mikono kwa saa nane kila siku, mwaka baada ya mwaka, unasinyaa. Ndiyo maana mtu anarudi nyumbani hana hata neno la kumwambia mwanawe. Utumwa wa macho unachosha kuliko kazi yenyewe. Mkubwa akitokea, kila mtu anashika faili. Akigeuka, faili linashuka. Ukiishi hivyo, sababu yako ya kufanya kazi inaingia na kutoka mlangoni pamoja na mtu mwingine.

Kwa hiyo "kama kwa Bwana" inamaanisha nini Jumanne saa tisa alasiri, jua kali, umebakiwa na makaratasi ya magari arobaini?

Bwana mwenyewe alisema alipo. Katika Mathayo 25 alisema lile mlilomtendea mmojawapo wa hao ndugu zangu walio wadogo, mlinitendea mimi. Yupo upande wa pili wa dirisha. Mimi nimeshawishika kwamba hamu ya kazi haianzi kurudi kwa kujipiga kifua na kujiambia maneno matamu mbele ya kioo. Inaanza kurudi pale unapomwona tena mtu ambaye kazi yako inamfikia.

Ndugu zangu mawakala na maofisa, hapa ni lango. Mzigo ulioshuka Mombasa unapita mikononi mwenu ukienda Kampala, Kigali, Juba, Goma. Karatasi inayolala mezani kwako siku mbili kwa sababu hujisikii, ina dereva nyuma yake anayelala ndani ya kabini, hajaona watoto wake, anakula kwa mkopo. Mnakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalivyopanga foleni kilomita na kilomita upande wa Kenya, madereva wakisubiri majibu ya vipimo, watu wakiwaogopa kama wao ndio ugonjwa? Mama aliyewapikia chai madereva wale wakati wengine wanawakimbia, alimpikia nani? Mjibu mwenyewe kwa Mathayo 25.

Dada unayefagia kituo cha afya, sakafu hiyo ndiyo atakayokanyaga mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa leo. Mwalimu wa darasa la pili, tangu elimu ya msingi bila malipo ianze mwaka 1997 madarasa yamejaa, na najua unasimama mbele ya watoto ambao huwezi kuwahesabu wote kabla ya kengele. Huwezi kuwafikia wote leo. Mtafute mmoja. Mjue jina lake, jua kwa nini anasinzia. Kesho mwingine. Bwana hakudai uwe malaika. Anadai usiwageuze kuwa umati.

Huku kwetu tuna desturi nzuri: ukimkuta mtu shambani hupiti hivi hivi, unamshukuru kwa kazi yake kabla hujamuuliza habari za nyumbani. Mgeni hushangaa, kwani shamba si lako. Lakini mkulima anainua mgongo, anajibu, uso umebadilika. Desturi hiyo tumeiacha kijijini. Tuivushe iingie kwenye ofisi na kwenye maegesho. Mwambie mlinzi asante kwa kazi. Mwambie aliyeshusha saruji juani. Boazi, tajiri wa Bethlehemu, alipofika shambani kwake aliwasalimu wavunaji kwa jina la Bwana nao wakamjibu kwa baraka. Hiyo ilikuwa kabla hajauliza kazi imefika wapi.

Sasa niseme na ndugu zangu waliookoka, nami ni mmoja wao, kwa hiyo mnivumilie.

Mtu amekesha kanisani Alhamisi usiku, Ijumaa yupo kazini anasinzia juu ya meza, na ukimgusa anasema alikuwa na Bwana. Mwingine, ushirika wa mchana unamalizika saa nane, yeye anarudi dirishani saa tisa kasoro, Biblia kwapani, na foleni imemtazama tangu saa nane. Mwislamu aliye kwenye foleni hiyo, au mtu asiye na dini yoyote, amejifunza nini juu ya Kristo mchana huo? Muda ule haukuwa wetu kumtolea Mungu, ulikuwa wa yule dereva. Danieli aliomba mara tatu kwa siku, na adui zake walipochunguza kazi yake hawakupata kosa. Maombi na kazi safi vilikaa katika mtu mmoja bila kugombana. Na mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi fulani ni Bezaleli, katika Kutoka 31, na alijazwa ili afue dhahabu, achonge mbao na kukata vito. Fundi.

Kuhusu chai nitasema kwa ufupi kwa sababu mnaijua kuliko mimi. Watoza ushuru walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, na hakuwaambia waache kazi ya ushuru. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari nao akawaambia wasidhulumu mtu, watosheke na mshahara wao. Rushwa ni dhambi, hilo linajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba inaua kazi ndani yako. Ukishaanza kula chai, huoni tena watu, unaona mifuko. Asubuhi ambayo hakuna mfuko, huna sababu ya kuamka. Wengi wanaolalamika kwamba kazi haina ladha, ladha hiyo waliiuza wenyewe, kidogo kidogo.

Lakini yupo ambaye hajauza kitu, hajachelewa, ameomba, na bado amechoka hadi kwenye mifupa. Huyo nataka nimsemeshe taratibu.

Katika 1 Wafalme 19, Eliya, nabii aliyetoka kuona moto ukishuka Karmeli, ameketi chini ya mretemu jangwani na anamwomba Mungu afe. "Yatosha," anasema. Soma vizuri Mungu alimjibu nini. Hakumhubiria. Hakumwambia imani yake ni ndogo. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, palikuwa na mkate na maji, akala, akalala tena. Mara ya pili akaambiwa ainuke ale, kwa maana safari ni kubwa mno kwake. Mungu mwenyewe alikiri kwamba safari ni kubwa. Maswali yalikuja baadaye, Horebu, baada ya usingizi na chakula.

Tunawaumiza wachovu kwa kuwapa mahubiri mahali pa usingizi. Nesi aliyefanya zamu mbili mfululizo hahitaji mstari, anahitaji mtu amshikie zamu ya tatu. Dereva wa trela anayetafuna mirungi ili asisinzie kati ya hapa na Jinja, msimwombee tu ulinzi barabarani, mwambieni apaki gari alale. Pumziko ni amri ya Mungu kabla halijawa sheria ya serikali, na sheria ya serikali ipo pia: Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi asifanyishwe kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya kupumzika. Mkristo anayewanyima wafanyakazi wake siku hiyo anavunja zote mbili.

Na hapo niwageukie waajiri, maana mpo. Si lazima uwe na kiwanda. Una msichana wa kazi nyumbani, wewe ni mwajiri. Una bodaboda tatu umewapa vijana, wewe ni mwajiri.

Wakolosai 3 haiishi na mstari wa 25. Mstari unaofuata, sura ya 4 mstari wa 1, unawaambia mabwana wawape watumwa wao yaliyo haki na ya adili, wakijua kwamba wao nao wana Bwana mbinguni. Tumeukata ukurasa katikati. Wafanyakazi wanahubiriwa nusu ya kwanza kila mwaka, waajiri hawahubiriwi nusu ya pili. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kama umemcheleweshea kijana mshahara wa miezi miwili, usimsomee "lifanyeni kwa moyo". Mlipe kwanza.

Nchi yetu, kima cha chini cha mshahara kilichowekwa ni cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Kwa fedha ya leo hiyo haimtoshi mtu chakula cha siku. Maana yake kwa mtumishi wako wa nyumbani hakuna sheria ya mshahara inayokubana sawasawa, umeachiwa dhamiri yako mbele za Mungu. Ogopa kuachiwa hivyo.

Walimu wa sanaa wapo hapa, nawaona. Mwaka 2022 wenzenu wa sayansi walipandishiwa mishahara, mwenye digrii akafikia shilingi milioni 4 kwa mwezi, ninyi mkabaki mlipokuwa, chumba kimoja cha walimu, chaki ile ile. Mligoma, na kuna waliowaambia Mkristo hagomi. Mimi siwaambii hivyo. Kudai haki kwa njia halali na kufundisha kwa moyo vinaweza kukaa katika mwalimu mmoja, kama vilivyokaa kwa Mukasa bidii na karipio. Ninachowaomba ni kimoja: hasira yenu iende kwa waliopanga mishahara, isimwangukie mtoto wa kidato cha pili anayeuliza swali la historia. Yeye hakupanga kitu.

Na wewe unayefikiria kuacha kazi kabisa? Ni halali. Nehemia alikuwa na kazi nzuri, mnyweshaji wa mfalme Artashasta, na aliondoka. Lakini angalieni alivyoondoka. Aliomba siku nyingi kabla ya kufungua mdomo. Mfalme alipoona uso wake una huzuni akaushangaa, kwa sababu hakuwahi kuwa na huzuni mbele yake. Aliomba ruhusa, akataja muda, akapewa barua na askari wa kumsindikiza. Mtu aliyekuwa akimwaga divai kwa uvivu asingepewa barua zile. Kama Mungu anakuhamisha, atakuhamisha ukiwa mikono yako bado imeshika kazi.

Sasa mambo machache ya kufanya, kisha niwaachie.

La kwanza, nimezungumza na viongozi wenu na wamekubali: kuanzia wiki ijayo ushirika huu utafungwa saa nane kasoro dakika kumi, hata kama mhubiri yuko katikati ya sentensi. Saa nane kamili kila dirisha la mtu wa ushirika huu liwe wazi.

La pili, kila mmoja atoke leo na mwenzake wa kumwuliza hali yake ya kazi, si ya kiroho tu. Anauliza umelala? umelipwa? unamchukia nani? Madereva mnaosafiri, mchukue namba za simu za wenzenu wanaobaki hapa.

La tatu, kuna wabeba mizigo katika ushirika huu wanaodai ujira wa majuma kadhaa. Wapo mawakala hapa wanaojua taratibu, na wilaya ya Tororo ina afisa wa kazi. Wanaodai wabaki na katibu baada ya maombi, watoe majina yao, siku walizofanya kazi na kiasi wanachodai. Mawakala wawili wajitolee kwenda nao Tororo. Na kama anayedaiwa ni mmoja wetu aliyeketi humu, bado ana nafasi ya kwenda kuwalipa kabla jua halijatua, kama Kumbukumbu la Torati 24 inavyoagiza.

Mchungaji, karibu utuombee. Kwa ufupi, tafadhali, saa inakwenda.